Kikohozi Ulichokificha Ngazini

Mwanangu Thuwaiba,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, mlangoni, kwa hiyo hapa siziandiki. Sasa hivi alasiri imepita kidogo. Wewe umekwenda chuo cha Kurani kumuaga mwalimu wako, baba yako yuko bandarini kwenye mizigo yake, na bibi yako amesinzia chumbani kwake baada ya kulalamika mchana kutwa kwamba chai yangu haina sukari. Nimekaa kwenye kitanda chako. Karatasi hizi nimezichana katika daftari lako la hesabu la mwaka jana. Unisamehe, zilikuwa tupu.

Mambo ya dawa sitayaandika humu. Shangazi yako Kazija nimeshamweleza pampu ipi ni ya kuvuta kila siku na ipi ni ya wakati wa kubanwa, naye akanijibu kwamba amelea watoto sita Kidichi na hahitaji kusomeshwa na mtu. Mambo ya nguo, skuli na swala unayajua mwenyewe. Ninachotaka kukuandikia ni jambo moja nililolisikia kwa masikio yangu.

Juzi ulikuwa umekaa barazani na rafiki yako Salma. Mimi nilikuwa juu, dirishani, naanika foronya. Salma akakuuliza kwa nini unahamia shamba. Ukamwambia, "Mama kanikasirikia. Nlimtia aibu mbele ya daktari, ndo mana ananipeleka kwa shangazi." Ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja leo ni siku gani. Foronya ilinitoka mkononi ikaangukia kichochoroni, nikaiacha huko huko.

Sikukwambia kitu siku ile. Nilidhani maneno yatanijia jioni, hayakuja, na jana pia hayakuja. Kwa mdomo mimi ni hodari wa kugomba tu, hilo unalijua. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Niache nianze mbali kidogo. Mimi ni mtu wa Mkokotoni. Nimezaliwa katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na paa la makuti, na mvua ikinyesha tulijua kila tone linapoangukia na bakuli gani la kulikinga. Baba yako aliponiposa, kijiji kizima kilipata habari kwamba naolewa mjini, kwenye nyumba ya mawe, ya ghorofa, yenye mlango wa nakshi. Siku ya kuondoka, mama yangu, Mungu amrehemu, alinikalisha kwenye mkeka akaniambia, "Unakwenda nyumba ya watu, mwanangu. Utakayoyakuta humo yabaki humo humo. Usije ukanambia hata mimi." Nikamjibu, "Naam, mama." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na neno lile nililichukua kama amana.

Nilichokikuta ni ukuta. Chumba hiki unacholala wewe kilikuwa chetu kwanza, mimi na baba yako. Ule mlizamu wa juu, unaotakiwa kuyarusha maji ya mvua mbali na nyumba, ulikuwa umevunjika kabla sijaja, na maji badala ya kwenda njiani yanatambaa ukutani. Masika ya kwanza niliona doa la ukubwa wa sahani. Masika ya pili lilikuwa sinia. Chokaa ikabambuka, mawe chini yake yakawa yanatoka jasho, na ukipitisha kidole kinarudi na unga mweusi. Harufu yake sikuhadithii, umekua nayo.

Nilipomwambia bibi yako, alisema nyumba hii imesimama tangu enzi za babu wa babu yake na haiwezi kuanguka kwa doa. Baba yako akamleta fundi, wakapiga saruji juu ya chokaa, kisha rangi ya mafuta ya kijani. Ikapendeza kweli. Mzee mmoja, fundi wa chokaa wa zamani, alipita kusalimia, akautazama ukuta akatikisa kichwa. Alisema nyumba za mawe ukiziziba namna hii maji yanakosa pa kutokea, yanageuka kuingia ndani. Tulimwona mzee ana wivu wa kazi tu. Mwaka haujaisha rangi ilikuwa imevimba mapovu, na doa limetoka upande wa pili kubwa kuliko lilivyoingia.

Basi nikasogeza kabati. Lile kabati langu la harusi, zito kama lilivyo, nililisukuma peke yangu nikiwa na mimba yako, mpaka likafunika doa lote. Kwa harufu nilikuwa na dawa yangu. Udi ninaoupika mimi unajua mwenyewe jinsi unavyosifiwa, maharusi wanatuma watu kutoka mbali kuja kuuchukua. Kila siku baada ya alasiri nilitia makaa kwenye chetezo nikakipeleka chumba kwa chumba, na chumba hiki nilikipa zaidi ya vyote. Nilifunga dirisha ili moshi usipotee. Mgeni akiingia anasema, "Mashaallah, nyumba ya Mama Thuwaiba inanukia," nami navimba kichwa.

Haikuwa sifa peke yake, palikuwa na hofu pia. Nyumba hii si ya bibi yako tu, ni ya mirathi. Wenziwe ni wengi, wengine wako Dar, wengine Maskati, na kila baada ya muda hutokea mmoja akaja na mtu wa hoteli kuitazama. Maneno yao yalikuwa mamoja siku zote, kwamba nyumba ikionekana mbovu ni bora iuzwe kabla haijaanguka. Kwa hiyo kazi yangu ikawa kuhakikisha haionekani mbovu. Bibi yako akisikia hodi chini ananiambia, "Fatma, wanakuja, tia udi," nami natia. Niliogopa tusije tukatolewa, nikarudi kwenye udongo na makuti. Nalisema lilivyo bila kulipamba: nilikuwa naona haya kuwa mtu wa shamba, na nyumba hii ndiyo iliyonifutia haya hiyo.

Ukazaliwa wewe. Ulipofika miaka minne tukakuachia chumba hiki, kitanda chako ubavuni mwa kabati. Ulianza kukohoa masika yale yale. Tukasema kifua. Nikakusugua mafuta ya karafuu, nikakupa asali na tangawizi, nikakupeleka kwa maalim akakuandikia kombe la aya kwa zafarani ukalinywa. Halafu ukaanza kusoma kaswida kwenye Maulidi, sauti yako ikasifiwa mtaa mzima, na wiki ile ile ukabanwa vibaya. Nikasema hili sasa ni jicho la watu. Nikazidisha kukufukiza.

Nitakuandikia nilivyokuwa nikifanya, kwa sababu huenda umesahau, ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa nakufunika shuka, wewe na chetezo pamoja, huku unakohoa, nakwambia, "Vuta, mwanangu, vuta, yatatoka." Mtoto anatafuta hewa na mama yake anampa moshi. Ulikuwa unavuta, Thuwaiba. Ulikuwa unanitii. Hilo sikumwambia mtu mpaka mwezi uliopita.

Jibu nililipata mapema nikalikataa. Kuna ile likizo uliyokwenda Kidichi kwa mara ya kwanza. Ulikaa karibu wiki mbili, hukukohoa hata mara moja, ukarudi umenawiri unapanda ngazi mbio. Siku ya tatu hapa ukabanwa. Shangazi yako akanipigia simu.

"Wifi, mtoto huku kwetu alikuwa hana kitu. Hebu itazameni nyumba yenu."

"Nyumba yetu ina nini?"

"Sijui. Nyinyi mnaokaa humo ndo mnaojua."

Nikamwambia labda ni vumbi la barabara yao lililokupanda kifuani, nikakata simu nimechukia. Nyumba yake ya matofali, bati tupu juu, madirisha makubwa hayana hata pazia la maana, ndiyo inifundishe mimi usafi! Sasa ndimo ninamokupeleka ukalale, na nimemwomba radhi. Alicheka tu, akasema alikuwa ameshasahau. Hajasahau, lakini ana moyo mzuri.

Tuje kwenye siku ya daktari. Yule daktari kijana, mwanamke, aliyeniamkia kwa heshima tulipoingia. Alikusikiliza mgongoni kwa muda mrefu, kisha akaweka kalamu chini akanitazama mimi.

"Mama, chumba anacholala mtoto, ukutani mna unyevu? Mna ukungu?"

"La, daktari. Nyumba yetu kavu, alhamdulillahi."

"Na moshi? Udi, ubani, mnafukiza sana?"

"Kidogo tu. Ijumaa kwa Ijumaa."

Ndipo ulipogeuka ukanitazama. Usoni kwako hapakuwa na ubaya wowote. Ulidhani nimesahau, ukataka kunikumbusha. "Mama, na kule nyuma ya kabati? Mbona kweusi kote?"

Nikakufinya. Chini ya meza, pajani, kwa kucha, huku namchekea daktari. "Watoto hawa," nikasema. Daktari akaandika alichoandika. Wewe ukainamisha kichwa, na mimi sikukusemesha siku mbili. Alama ya kucha zangu niliiona wiki nzima kila ukibadilisha nguo, na nilijifanya siioni.

Sasa nisome vizuri hapa. Siku ile wewe ulikuwa sawa na mimi nilikuwa na makosa. Daktari aliuliza swali la uhai wako, wewe ukamjibu kweli na mimi nikamjibu uongo. Aibu iliyokuwapo pale ilikuwa yangu, niliibeba kutoka nyumbani, nikakutwika wewe kwa sababu ulikuwa mdogo na ulikuwa karibu. Hukunitia aibu. Hukuwahi kunitia aibu hata siku moja.

Baada ya hapo ukanyamaza kukohoa. Wiki ya kwanza nikashukuru, nikasema dawa imeingia. Wiki ya pili nikawa nawatangazia watu, binti yangu amepona, hata usiku simsikii. Kisha ikaja siku ile ya warithi wawili na mgeni wao mwenye kamera. Nilikuwa nimetia udi tangu asubuhi, mpaka mimi mwenyewe macho yananiwasha. Nikawatembeza. Tulipofika chumba hiki nikafungua mlango nikasema, "Hiki cha binti yetu," hukuwamo, nikafurahi kwamba umekuwa na akili ya kuwapisha wageni.

Walipoondoka niliteremka kufunga mlango. Nikasikia kitu kwenye ngazi za nyuma, zile za giza zinazoshukia ghalani. Haikuwa sauti ya kukohoa. Ilikuwa kama mtu anaburura gunia kidogo, anaacha, anaburura tena. Nikakukuta umekaa kwenye kidato cha tatu, umejiziba mdomo kwa mtandio, na ncha yake umeiuma. Mabega yanapanda juu na kushuka. Midomo imeingia rangi ya majivu. Nikauvuta ule mtandio, na jambo la kwanza ulilonambia, kwa vipande, lilikuwa swali.

"Wageni... washakwenda?"

Ndipo nilipofahamu kwamba hukuwa umepona hata kidogo. Wiki mbili zote ulikuwa unashuka pale kukohoa ili nisikusikie. Nilikufundisha kwa mfinyo mmoja na ukajifunza vizuri kuliko nilivyokusudia. Mambo mengine nimekuwa nikikufundisha miaka hayaingii, kutandika kitanda kwa mfano, lakini lile liliingia mara moja.

Jirani yetu alitupakia kwenye vespa yake, wewe katikati, anapiga honi kwenye vichochoro vyote na watu wanajibanza kutani. Nilikuwa nahesabu pumzi zako mgongoni kwa kiganja. Kuna mahali nilikosa moja, na sitakueleza nilichomuahidi Mungu mahali pale, ila nilimuahidi. Hospitali walikuvalisha kile kifuniko cha dawa usoni, na ilichukua muda mrefu sana mpaka midomo yako ikarudi rangi.

Daktari alikuwa yule yule. Safari hii nilimwambia yote, mlizamu, saruji, kabati, udi wa kila siku, mpaka habari ya shuka na chetezo. Nilingojea anigombeze. Aliandika mpaka nilipomaliza, akasema, "Ahsante, mama. Sasa nnajua nnatibu nini." Akanieleza kwamba kile cheusi cha ukutani kinapeperuka hewani na mtoto anakivuta kila akilala, na moshi unamalizia. Dawa zitasaidia, alisema, lakini nikikurudisha chumba kile hazitafua dafu. Tulikuhamishia ukumbini, unakumbuka, na unyevu ukatufuata huko huko, kwa sababu ukuta ni ule ule mmoja.

Kuna jambo hukulishuhudia, ulikuwa bado hospitali. Warithi walirudi kwa mazungumzo. Sikutia udi. Nilimwomba baba yako tukalivuta kabati mpaka katikati ya chumba, nikawaingiza, nikawaambia, "Tazameni vizuri. Hapa ndipo mtoto wangu amelala miaka tisa." Mmoja akaweka leso puani. Bibi yako alisikia kutoka chumbani kwake akapiga ukelele.

"Fatma! Unatuvua nguo mbele za watu!"

"Naam, mama," nikamjibu. "Nnatuvua."

Mpaka leo ananinunia, na hata yale malalamiko ya chai yametokana na hilo. Warithi wamesema watatengeneza au watauza, hawajakubaliana. Inawezekana sana wakauza. Nikifikiria hilo bado naogopa, sitakudanganya, lakini ile hofu ya zamani iliyokuwa ikinisukuma kuficha imeniondoka. Wakiuza tutatoka kama wanavyotoka watu wengine, na tutakaa pale tutakapopata.

Najua utauliza kwa nini basi mimi siji nawe. Nilimwambia bibi yako tuhame sote kwa Kazija, ni binti yake, atampokea kwa mikono miwili. Akasema, "Mimi ntatoka humu kwa jeneza." Yeye hawezi hata kugeuka kitandani bila mtu, na baba yako kazi yake haina saa. Nikimwacha atakufa kwa kuachwa. Nikikubakisha wewe nitakuua kwa mkono wangu. Nimekaa nalo siku nyingi, na kila nilivyoligeuza lilitoka hivi hivi: wewe uondoke, mimi nibaki. Hapana hasira yoyote ndani yake. Tangu jana nafungua sanduku lako na kulifunga bila sababu, nikitia kitu na kukitoa.

Ushauri sina mwingi, mimi si mtu wa kushauri baada ya haya niliyokuandikia. Mama yangu hakunipotosha aliponambia nisitiri. Ziko siri za ndani ambazo mtu mwenye staha hazimwagi ovyo, ugomvi wa mume na mke, njaa ya siku mbili tatu, unyonge wa mgonjwa. Nilichokosea ni kwamba sikujua pa kukomea. Utakutana na watu, huenda mume, huenda mkubwa wa kazi, watakaokuomba unyamaze, na watakuomba kwa adabu nzuri na kwa mapenzi ya kweli, kama nilivyokuwa nayo mimi. Jiulize anayeumia kwa ule unyamavu ni nani. Akiwa ni wewe, au ni mtu asiyeweza kujisemea, basi hiyo haikuwa sitara.

Na ukiona siku moja nimerudia tabia yangu, maana mtu habadiliki kwa mwezi mmoja, nambie. Nitakasirika kwanza. Wewe ngoja hasira ipite uniambie tena.

Huko Kidichi watu huuliza, hawana mchezo wetu wa mjini wa kujifanya hatujaona. Watakuuliza binti huyu ana mama na baba wazima, amefuata nini kwa shangazi yake. Nakujua, utatafuta jibu la kunifunika. Utasema umefuata skuli, au shangazi anahitaji mtu wa kumsaidia. Usiseme hivyo, mwanangu. Waambie nyumba yetu ilikuwa inakuua, mama yako alijua akanyamaza, kisha akasema. Wataje jina langu wakitaka. Na kikohozi kikikushika katikati ya maneno, usitoke nje, usijizibe mdomo. Kohoa pale pale mbele yao, kwa nguvu, mpaka kiishe, halafu umalizie ulichokuwa ukisema.

Mama yako,
Fatma